Kidudu kilichobebeshwa lawama za mafua ya 1918

Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, aliyefanya kazi chini ya Robert Koch mjini Berlin, alitangaza kwamba amekipata kidudu kinacholeta mafua makali. Alikuwa amekiona kwenye makohozi ya wagonjwa: bakteria mdogo mno, asiyekubali kuota maabara mpaka awekewe damu. Watu walimwamini. Miaka 10 tu nyuma yake Koch alikuwa ametangaza bakteria wa kifua kikuu, na neno lililotoka kwa watu wake lilikuwa na uzito.

Kisha ukaja mwaka 1918. Mafua yaliua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 50, na wengi wao walikuwa vijana wenye nguvu zao. Afrika Mashariki yalifuata meli na njia za Vita Kuu ya Kwanza. Askari wa kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck waliosalimu amri Abercorn, katika Zambia ya leo, mwezi Novemba walikumbwa nayo kambini Tabora, na waliokuwa wamenusurika miaka ya risasi wakafia kwenye mikeka.

Maabara nyingi zilikisaka kidudu cha Pfeiffer kwenye makohozi ya wagonjwa na mapafu ya waliokufa. Kuna zilizokipata, kuna zilizokikosa, na zilizokikosa ziliambiwa hazijui kuotesha. Huko New York, Oswald Avery alitengeneza chakula maalumu cha kukioteshea ili kisiendelee kuwaponyoka watu. Jambo hili linanisikitisha kila nikilisoma: shaka yote ilimwangukia fundi wa maabara, dai lenyewe likaachwa salama.

Hata hivyo, huko Tunis, Oktoba ya mwaka huohuo wa 1918, Charles Nicolle na Charles Lebailly waliyachuja makohozi ya wagonjwa kwa chujio lisilopitisha bakteria. Maji yaliyopita bado yaliambukiza. Jibu likaja kukamilika London mwaka 1933. Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw waliwadondoshea puani fereti, wanyama wa jamii ya kicheche, maji ya koo la mgonjwa yaliyochujwa. Fereti wakapata homa na kupiga chafya. Mwaka 1936 fereti mmoja alimpigia chafya mtafiti Charles Stuart-Harris, naye akaugua. Chanzo kilikuwa virusi.

Basi kidudu cha Pfeiffer kilifikaje kwenye mapafu ya wafu? Kwa kawaida njia ya hewa imetandazwa vinyweleo vidogo mno, vinavyosukuma ute kuelekea kooni pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa humo. Virusi vya mafua huziua seli zenye vinyweleo hivyo. Ute husimama, na bakteria waliokuwa wakikaa puani na kooni bila kumdhuru mtu huteremka hadi kwenye mapafu. Mwili nao hupeleka huko seli nyeupe kwa wingi, na katika pambano hilo vifuko vya hewa hujaa majimaji na usaha. Hicho ndicho kichomi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichunguza upya vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa tangu 1918, wakakuta karibu vyote vina dalili za bakteria.

Seli iliyoingiliwa na virusi haifi kimya. Mwaka 1957, katika taasisi ileile ya London iliyowafuga fereti, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua intaferoni, kemikali ambayo seli hiyo huimwaga kuwatahadharisha majirani zake wajifunge kabla virusi havijawafikia. Maumivu ya misuli na uchovu wa mafua, kwa sehemu, hutokana na tahadhari hiyo.

Kidudu cha Pfeiffer chenyewe, ingawa hakikuleta mafua, hakikuwa safi. Aina yake moja, Hib, imeua watoto wengi kwa kichomi na homa ya uti wa mgongo. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi yake mwaka 2001, ndani ya sindano moja inayokinga pia pepopunda, dondakoo, kifaduro na homa ya ini. Ndani ya miaka michache, madaktari wa Kilifi waliokuwa wakipima damu za watoto waliolazwa walikuwa hawakioni ila kwa nadra.