Umetaboli wa Kemikali Ngeni: Historia ya Dhana na Tatizo la Istilahi

Istilahi ikikosewa huzaa elimu potofu. Mfano mmoja ni "uondoaji sumu", jina ambalo mfasiri huvutwa kulitumia anapoeleza namna mwili unavyobadili kemikali itokayo nje, iwe dawa au kiuatilifu. Je, jina hilo latosha? Tuitazame historia.

Mwaka 1842 Keller, akiongozwa na Wöhler kule Göttingen, alimeza asidi ya benzoiki, kisha katika mkojo wake ikapatikana asidi ya hipuriki. Mwili ulikuwa umeunganisha asidi ya kwanza na glisini. Mwaka 1947, nchini Uingereza, R. T. Williams alichapisha kitabu kikuu cha fani hii, na jina la kitabu hicho lilibeba dhana iyo hiyo ya kuondoa sumu.

Hata hivyo, katika miaka hiyo ya 1940 proguanili, dawa ya malaria, ilionekana dhaifu mbele ya vimelea ndani ya chupa za maabara, ilhali damu ya mnyama aliyepewa dawa hiyo iliviangamiza. Mwaka 1951 wanakemia wa Uingereza walitangaza kutambua kemikali iliyozaliwa na proguanili mwilini, ambayo leo huitwa sikloguanili. Kumbe mwili haukuondoa sumu, bali uliunda dawa. Kinyume chake, parasetamoli ikizidi, ini hutoa zao linalolidhuru ini lenyewe.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika nao una funzo. Mwaka 1987, huko Mahale, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa akitafuna kiini kichungu cha mjonso, mmea ambao Watongwe huutumia kwa tiba. Wanakemia wa Japani walitambua ndani yake vernodalini na vernoniosidi B1. Hizo ni kemikali za mmea. Yatokanayo nazo mwilini mwa sokwe ni swali jingine, nalo lahitaji jina jingine.

Kwa hiyo twapendekeza "umetaboli" kwa mchakato wenyewe, "kemikali mama" kwa kilichoingia, na "zao la umetaboli" kwa kilichotokea. "Uondoaji sumu" ubaki pale tu ilipothibitika kwamba madhara yamepungua. Mwalimu wa Kidahwe akifundisha kwamba kazi ya ini ni kuondoa sumu tu, mwanafunzi wake ataona sababu gani ya kuogopa kuzidisha vidonge?