Erich Schmidt na Nafsi ya Mwandishi: Hotuba ya Berlin, 1909

Mnamo Oktoba 1909, Erich Schmidt, mtaalamu wa fasihi ya Kijerumani, alitoa hotuba ya kushika wadhifa wa mkuu wa Chuo Kikuu cha Berlin. Mada aliyoiteua, nafsi ya mwandishi, ina uzito wake kihistoria. Mwalimu wake, Wilhelm Scherer, alishikilia kuwa mwandishi hufafanuliwa kwa alichorithi, alichojifunza na alichopitia maishani. Naye Schmidt ndiye aliyegundua, mwaka 1887, nakala ya rasimu ya awali ya *Faust* ya Goethe. Nakala hiyo yadhihirisha jinsi utungo ulivyokua. Haielezi kwa nini Goethe pekee ndiye aliyeweza kuutunga. Hapo ndipo nguvu ya mbinu ya Scherer, na mpaka wake pia, hubainika.