Nilimtafuta Babu kwa Namba ya Shamba

Nimekuwa kimya karibu miezi miwili na wengine mlidhani kazi imenizidi. Kazi ipo, lakini kilichonimeza ni babu yangu. Krismasi iliyopita, tukiwa tumekaa nje nyumbani, aliniita kando akaniuliza, "Si wewe ndiye fundi wa kompyuta? Basi nitafutie mahali alipozikwa mama."

Babu alizaliwa kwenye shamba la mzungu hapa Uasin Gishu. Kitambulisho chake kinasema 1938, mwaka uliokadiriwa na karani. Mama yake alifariki babu akiwa bado mchunga ndama, na kwa kuwa alikuwa amebatizwa, alizikwa kikristo karibu na kijito, chini ya safu ya mikalitusi. Muda si mrefu familia ikahamishwa. Babu hakurudi tena. Alikumbuka kijito, mikalitusi, na mzungu mwenye ndevu nyekundu ambaye jina lake, kwa ulimi wa babu, lilianza na "Fani".

Nikamwambia, "Kugo, nipe wiki moja." Mtu akisoma kompyuta chuoni miaka minne hupata kiburi cha ajabu.

Nilianza kama kila mtu: nikaandika jina la baba yake babu kwenye Google. Nikapata wanariadha. Nikaongeza neno Eldoret, nikapata wanariadha zaidi. Nikaingia kwenye tovuti kubwa za nasaba, zile ambazo Mmarekani huandika jina la ukoo akaletewa meli iliyomleta babu yake wa sita. Huko nako, ziro.

Hapa inabidi nieleze majina yetu, kwa sababu tatizo lote liko hapo. Mtoto wa Kikalenjin hupewa jina kwa saa au hali aliyozaliwa. Kibet alizaliwa mchana, Kiplagat jioni, Kiptoo wakati nyumbani kuna wageni. Akishatahiriwa huchukua jina la baba yake baada ya neno arap, kiambishi cha mbele kikiwa kimeng'olewa. Tuseme Kiplagat ana mwana aitwaye Kibet: huyo atakuwa Kibet arap Lagat. Kibet naye akizaa Kiptoo, atakuwa Kiptoo arap Bett, na hapo jina la Kiplagat limeshatoweka. Mfano mnaoujua ni Rais Daniel arap Moi: baba yake aliitwa Kimoi arap Chebii. Siku hizi majina yameganda, mtoto hubaki na la babu kama wafanyavyo Wazungu, ila ukirudi nyuma vizazi viwili tu uzi unakatika.

Sasa mitambo ya kutafuta. Tovuti nyingi za nasaba hutumia mbinu za kulinganisha majina yanayosikika karibu sawa, na mama wa mbinu hizo ni Soundex, iliyosajiliwa Marekani na Robert Russell na Margaret Odell mwaka 1918 na 1922. Inabakiza herufi ya kwanza, inatupa irabu, halafu inageuza konsonanti kuwa tarakimu. Kwa Smith na Smyth inafanya kazi vizuri sana. Kama una PHP kwenye kompyuta yako, jaribu mwenyewe: soundex('Kibet') inatoa K130, na soundex('Kiptoo') pia inatoa K130. Aliyezaliwa mchana na aliyezaliwa na wageni wamekuwa mtu mmoja! Kiplagat ni K142, lakini Lagat, ambalo ni jina lile lile likiwa kwa mwanawe, ni L230. Kibet na dada yake Chebet, K130 na C130, hawajuani kabisa. Yaani mtambo unaunganisha wasiohusiana na kutenganisha baba na mwana. Na neno arap lenyewe hufanywa jina la kati. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana wiki ya babu ilikuwa imekwisha na nilikuwa sina kitu.

Niliandika programu ndogo ya kung'oa Kip-, Ki-, Chep-, Che- na Je- kabla ya kulinganisha. Ilifanya kazi safi. Kilichokosekana kilikuwa cha kulinganisha nacho.

Usiku mmoja nikajiuliza swali ambalo ningemuuliza mteja yeyote: katika hifadhidata hii, ufunguo ni upi? Ni kitu gani kilichopewa namba isiyobadilika, kikafuatiliwa mwaka hata mwaka? Kwa serikali ya kikoloni, jibu ni ardhi. Watu wazima wa kiume walipewa namba pia, ile ya kipande, kwa sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, lakini kipande cha baba yake babu kilishapotea na orodha zake sikuziona popote mtandaoni. Shamba ndilo lililoandikwa likaandikwa tena. Hata mji wetu ulianza kama namba. Makaburu waliokuja na Jansen van Rensburg mwaka 1908, na magari ya maksai kutoka Nakuru, waligawiwa mashamba yenye namba, na posta ikawekwa kwenye shamba namba 64. Wenyeji wakaliita Sisibo, yaani "sixty-four" ikipita kwenye ulimi wa Kinandi. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912.

Basi nikaacha kumtafuta babu yangu, nikaanza kumtafuta mzungu.

Loo! Tofauti yake ilinikera. Kuna tovuti nzima iitwayo Europeans in East Africa, hifadhidata ya Wazungu walioishi kwetu tangu enzi za mwanzo za ukoloni. Unaandika jina, unapata alikuja lini, alilima wapi, alimwoa nani. Halafu kuna Gazeti Rasmi la serikali, lile linalotoka Ijumaa mpaka leo. Google Books wameskani matoleo ya tangu mwanzo wa koloni, na unaweza kutafuta neno ndani yake. Humo mna orodha za wapiga kura zenye jina, kazi na shamba. Wazungu wa Kenya walichagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria mara ya kwanza mwaka 1920. Waafrika walisubiri hadi Machi 1957. Kwa hiyo orodha ya wapiga kura ya miaka ya babu ni orodha ya Wazungu. Maskwota, ambao sheria ya 1918 iliwataka wafanye kazi ya mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, hawamo. Niliona ng'ombe waliopotea wakitangazwa. Sikuona mchungaji wao.

Kwa atakayejaribu: programu iliyosoma kurasa zile imekosea sana, kwa hiyo tafuta neno fupi kuliko sentensi. Uasin Gishu nayo iliandikwa hovyo hovyo zamani, mara Guas Ngishu, mara Gwas Ngishu. Neno "van" lilinisumbua kama arap. Mahali pengine mzungu wangu amepangwa kwenye V, pengine kwenye herufi ya jina linalofuata. Angalau wenye mitambo wanajua kuna tatizo la "van". Arap hawajawahi kulisikia.

Nilipata akina "Fani" watatu. Wawili walikuwa mbali mno na Sergoit, ambako babu anasema walikuwa wakiuona mlima. Wa tatu alikaa sawasawa. Jina lake silitaji, wajukuu wake wako hai mahali fulani. Na hapo nikagundua jambo ambalo sikulitafuta. Kwetu husimuliwa kwamba tulifukuzwa mzungu alipouza shamba kwenye uhuru, 1963. Gazeti lina tangazo la mirathi yake: alifariki zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo. Aliyetuhamisha hakuwa yeye wala haukuwa uhuru. Nilipomsomea babu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ndiyo maana dada yangu mdogo alizaliwa Nandi." Hadithi ya 1963 aliipokea kwa wakubwa wake, naye akaturithisha.

Tangazo lilikuwa na namba ya shamba. Nikaifuata namba hiyo mbele, kwenye matangazo ya hati zilizopotea, mpaka shamba lilipogawanywa kwa wanahisa wa kampuni ya kununua ardhi. Mwishowe nikafungua Google Earth. Kijito kipo. Kuna bwawa pia ambalo babu halikumbuki.

Namba ya shamba sitaiandika hapa, na msiniulize. Nilikuwa darasa la nne uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoharibika, na Januari 1, 2008 kanisa la Kiambaa lilipochomwa na watu ndani, si mbali na hapa mjini. Huku kwetu, swali la nani alikaa wapi kwanza si la kuchezea. Uasin Gishu ni jina la Wamaasai waliochungia hapa kabla ya wote tunaogombana. Wenye shamba lile leo walinunua kwa pesa zao. Mimi nilitafuta kaburi, sikutafuta hati.

Tulikwenda Februari, mimi, baba na babu, baada ya kupiga simu kupitia kwa chifu. Mama mwenye shamba alitupokea kwa chai. Baba yake ndiye aliyenunua hisa. Mwanzoni alikuwa na wasiwasi, nilimwona akiitazama laptopu yangu kama karatasi ya mahakama, nikairudisha kwenye gari. Babu alimweleza mwenyewe. Mama yule akaamka, akamshika mkono wakateremka pamoja kuelekea kijitoni.

Mikalitusi haipo. Visiki vilikuwepo hadi alipokuwa msichana, alisema, na akaonyesha vilipokuwa, sasa ni mahindi mpaka ukingo wa bwawa. Babu alisimama, akasogea kushoto, akarudi. Alisema ni hapa, kisha akasema labda ni pale ambapo maji yamefika. Baba akamwomba aketi, akakataa.

Tulipokuwa tunaondoka aliniambia nimwandikie ile namba. Niliiandika nyuma ya picha yake ya kitambulisho, naye akaitia mfukoni mwa koti.