Uzani wa molekuli za polima: upimaji na mgawanyo

Polima ya kiwandani, kama polistirini au polietilini, haina uzani mmoja wa molekuli. Minyororo yake huanza na kukoma kukua kwa nyakati tofauti, kwa hiyo punje moja ya plastiki hubeba mifupi na mirefu pamoja. Ndiyo maana namba moja ya wastani, hata ipimwe kwa makini namna gani, haiielezi polima. Tuchukue mnyororo mmoja wenye uzani wa gramu 10,000 kwa moli na mwingine wa 100,000. Wastani kwa idadi ni 55,000, lakini wastani kwa uzani, ambao huhesabu kila mnyororo kulingana na kiasi cha mata uliyobeba, unakaribia 92,000. Namba zote mbili ni sahihi. Shinikizo la osmosi hutoa ya kwanza kwa sababu hutegemea idadi ya molekuli. Mtawanyiko wa nuru hutoa ya pili.

Mwenye kiwanda anaweza kuuliza kama wastani kwa uzani pekee hautoshi. Swali lake lina msingi: minyororo ikishakuwa mirefu kiasi cha kusokotana, kuongeza wastani huo maradufu hupandisha mnato wa plastiki iliyoyeyushwa mara kumi hivi. Hata hivyo, sampuli mbili zenye wastani sawa zinaweza kutofautiana kabisa, maana mifupi mingi hudhoofisha bidhaa, na mirefu michache hubadilisha mno jinsi plastiki inavyonyumbuka ikiwa moto. Mgawanyo wote lazima uonekane.

Njia ya kuuona ilipatikana mwaka 1964, pale J. C. Moore wa Dow Chemical, Marekani, alipopitisha myeyusho wa polima katika jeli yenye vitundu. Molekuli kubwa haziingii vitunduni, hivyo hutoka kwanza. Ndogo huingia na kuchelewa. Pingamizi zito ni kwamba jeli hupambanua ukubwa, haipimi uzani, na mnyororo wenye matawi hujikunja ukaonekana mwepesi kuliko ulivyo. Mtafiti Benoit na wenzake wa Strasbourg, Ufaransa, walilijibu mwaka 1967: mnato asilia ukizidishwa kwa uzani na zao hilo kulinganishwa na wakati wa kutoka kwenye jeli, polima za aina mbalimbali hufuata mstari mmoja. Kwa hiyo ripoti inayosoma uzani moja kwa moja kutokana na wakati wa kutoka, na kusema tu “kwa kulinganisha na polistirini”, haijatoa uzani halisi wa polima nyingine. Polietilini yenye matawi huhitaji pia kigunduzi cha mnato au cha mtawanyiko wa nuru.