Saratani ya utumbo mpana: Kwa nini mgonjwa akipewa nafasi ya kuchagua hupima zaidi?

Daktari anakuambia ukapime. Unaitikia, "sawa daktari." Unatoka na karatasi mkononi, unaikunja, unaitia mfukoni. Siku ya kipimo ikifika, huonekani.

Kama umewahi kufanya hivyo, hauko peke yako. Mimi mwenyewe niliwahi kukikwepa kipimo cha macho miezi kadhaa, na sikuwa na sababu yoyote ya maana.

Kwa saratani ya utumbo mpana, kukwepa huku kunaweza kugharimu maisha. Ndiyo maana Dkt John Inadomi, daktari bingwa wa mfumo wa chakula nchini Marekani, aliamua kulichunguza jambo linaloonekana dogo sana: maneno anayotumia daktari anapomshauri mgonjwa apime.

Majibu aliyoyapata yaliwashangaza madaktari wengi.

Ugonjwa wenyewe ukoje?

Mwaka 2022, zaidi ya watu milioni 1.9 duniani waligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana na puru, na zaidi ya 900,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Ni ya tatu kwa kuwapata watu wengi na ya pili kwa kuua miongoni mwa saratani zote.

Cha ajabu ni kwamba hii ni moja ya saratani zinazoweza kuzuiwa kabla hazijaanza. Mara nyingi huanzia kwenye kinyama kidogo kinachoota ndani ya ukuta wa utumbo, ambacho madaktari wanakiita polipu. Polipu nyingi hazina madhara, ila chache hubadilika taratibu, kwa kawaida kwa muda wa miaka 10 hivi au zaidi, hadi kuwa saratani.

Miaka 10 ni muda mrefu. Mtu akipimwa katikati hapo, kinyama kinaondolewa na habari inaishia hapo.

Vipimo viwili, maisha mawili tofauti

Cha kwanza ni kolonoskopi. Daktari anapitisha mpira mwembamba wenye kamera kwenye njia ya haja kubwa na kuutazama utumbo mpana wote. Akiona polipu, anaitoa papo hapo. Majibu yakiwa safi, kwa mtu wa kawaida unarudi baada ya miaka 10.

Inapendeza ukiisikia hivyo. Sasa ingia kwenye undani wake: siku moja kabla unafunga kula vyakula vya kawaida, unakunywa dawa ya kusafisha tumbo, na usiku wako unaumalizia chooni. Kesho yake hufanyi kazi. Kwa kuwa wengi hupewa dawa ya usingizi, lazima awepo mtu wa kukurudisha nyumbani.

Cha pili ni kipimo cha choo. Unachukua sampuli kidogo ukiwa nyumbani kwako, unaiweka kwenye kichupa au kadi, unaipeleka. Maabara inatafuta damu ambayo macho hayaioni. Hakuna dawa ya kuharisha wala usingizi. Ila kinarudiwa kila mwaka, na kikionyesha damu bado utatakiwa kufanya kolonoskopi.

Kipimo hiki si cha kubahatisha. Utafiti mkubwa wa Minnesota uliotolewa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kupima choo kila mwaka kulipunguza vifo vya saratani hii kwa asilimia 33.

Hata hivyo, kwa miaka mingi madaktari wengi wa Marekani waliona kolonoskopi ndiyo mfalme. Mgonjwa akiingia, anaambiwa kolonoskopi tu. Kwa nini umpe cha pili wakati kipo cha kwanza?

Utafiti wa San Francisco

Inadomi na wenzake walikwenda kwenye kliniki za umma za San Francisco, kule wanakotibiwa watu wa kipato cha chini. Waliwashirikisha watu 997: Wazungu, Wamarekani weusi, Walatino na Waasia. Hawakuwa na dalili, ila umri wao ulishafika wa kupimwa.

Waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza walishauriwa kolonoskopi peke yake. La pili walishauriwa kipimo cha choo peke yake. La tatu walielezwa vyote viwili, wakaambiwa wachague.

Kisha watafiti wakasubiri mwaka mzima kuona nani atapima kweli.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Walioshauriwa kolonoskopi tu, waliopima walikuwa asilimia 38. Walioshauriwa kipimo cha choo, asilimia 67. Waliopewa uchaguzi, asilimia 69.

Soma tena hizo namba. Katika kila watu 100 walioambiwa wafanye kile kipimo "bora", 62 hawakukifanya. Na wale ambao hawakupima kolonoskopi hawakuwa na kipimo kingine mkononi. Walibaki bila chochote.

Yaani daktari alikuwa na nia njema kabisa, na nia hiyo ndiyo iliyomwacha mgonjwa mikono mitupu.

Kulikuwa na jambo jingine ndani ya takwimu hizo. Wazungu walielekea zaidi kukamilisha kolonoskopi, wakati makundi mengine yalikamilisha zaidi kipimo cha choo. Kwa hiyo ushauri wa aina moja kwa wote haukuwaangukia wote sawasawa. Baadhi ya jamii ziliachwa nyuma na sentensi moja tu ya daktari.

Basi kipimo cha choo kimeshinda?

Hapana, na hapa ndipo habari inapopata ladha.

Timu iliendelea kuwafuatilia watu wale wale hadi miaka mitatu. Kumbuka kipimo cha choo kinarudiwa kila mwaka. Je, walirudi? Ripoti iliyotoka mwaka 2016 ilionyesha kwamba waliobaki kwenye ratiba kwa miaka yote mitatu katika kundi la kipimo cha choo walikuwa asilimia 14 tu. Kutoka 67!

Kundi la kolonoskopi lilibaki na 38, jambo linaloeleweka, kwa sababu ukishapima mara moja umemaliza kwa miaka 10. Kundi la uchaguzi lilikuwa juu ya yote, asilimia 42.

Kwa maoni yangu, ripoti hii ya pili ina uzito kuliko ya kwanza, japo haikupata umaarufu kama ile. Inaonyesha kwamba mazungumzo ya siku moja hayatoshi. Kumpa mtu kipimo rahisi kisha usimkumbushe mwaka unaofuata ni kazi nusu.

Palipo na ukumbusho mambo hubadilika. Kaiser Permanente, mtandao mkubwa wa hospitali na bima huko huko kaskazini mwa California, ulianza kuwatumia wanachama wake kipimo cha choo kwa posta kila mwaka, bila kusubiri waje kliniki. Anayetaka kolonoskopi anaipata pia. Waliokuwa wamepimwa kwa wakati walipanda kutoka asilimia 39 hivi mwaka 2000 hadi karibu 83 mwaka 2015, na vifo vya saratani hii miongoni mwa wanachama vikashuka kwa zaidi ya nusu.

Inadomi ni nani?

Utafiti wake ulifanyika San Francisco, kisha akaenda University of Washington mjini Seattle, na baadaye University of Utah kuongoza idara ya magonjwa ya ndani. Mwaka 2021 hadi 2022 alikuwa rais wa Chama cha Gastroenterolojia cha Marekani.

Kinachovutia ni kwamba yeye ni daktari wa kamera. Kolonoskopi ndiyo kazi yake. Si rahisi kwa fundi kusema hadharani kwamba kifaa chake si lazima kiwe cha kwanza kwa kila mtu.

"Umenielewa?" "Ndiyo daktari"

Uchaguzi hauna maana kama mgonjwa hajaelewa anachochagua. San Francisco hiyo hiyo, katika hospitali ya umma, Dkt Dean Schillinger na wenzake walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa wa kisukari wenye shida ya kusoma na kuelewa maelezo ya afya. Kati ya mambo mapya yote ambayo madaktari walieleza, ni asilimia 12 tu waliyohakikisha kama mgonjwa ameyashika. Utafiti huo ulitoka mwaka 2003.

Dawa yake ni rahisi mno: daktari anamwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakwenda kufanya nini. Swali la "umenielewa?" halisaidii, maana wengi wetu tutajibu ndiyo hata tukiwa gizani. Hasa mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe.

Na kuna aibu. Kiswahili chenyewe kinaizunguka mada hii kwa adabu: haja, msalani, kujisaidia. Daktari anayeanza na "utaniletea choo chako" bila kumwandaa mtu asishangae kichupa kikirudi kitupu, au kisirudi kabisa.

Ulaya nako?

Oktoba 2022 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Norway, Poland na Sweden. Walioalikwa kufanya kolonoskopi walipungukiwa na hatari ya kupata saratani hii kwa asilimia 18. Baadhi ya vyombo vya habari viliandika kana kwamba kolonoskopi imefeli.

Lakini waliokwenda kupima walikuwa asilimia 42 tu ya walioalikwa. Zaidi ya nusu ya kundi lililohesabiwa kuwa "limealikwa" halikuwahi kugusa kamera. Namba hiyo haiko mbali na ile 38 ya San Francisco, miaka 10 nyuma, katika nchi tofauti kabisa.

Umri umeshuka

Mwaka 2021 jopo la wataalamu linalotoa mwongozo wa uchunguzi wa afya Marekani lilishusha umri wa kuanza kupima kutoka miaka 50 hadi 45, kwa sababu ugonjwa umekuwa ukiongezeka kwa watu wenye umri mdogo. Wengi walimkumbuka Chadwick Boseman, nyota wa Black Panther, aliyefariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Alikuwa ameugua tangu 2016. Hata mwongozo mpya usingemfikia kwa umri wake.

Kwa hiyo tofautisha mambo mawili. Vipimo tulivyovizungumzia ni vya mtu asiye na dalili. Ukiona damu kwenye choo, choo kikabadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, uzito ukapungua wenyewe au ukaambiwa una upungufu wa damu usioeleweka, huna haja ya kusubiri umri wowote. Nenda kwa daktari. Damu hiyo inaweza kuwa bawasiri kweli, na mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini wa kuthibitisha ni daktari, siyo rafiki wala duka la dawa.

Kipimo cha choo kikionyesha damu, usikirudie ukitumaini majibu mazuri zaidi. Hatua inayofuata ni kolonoskopi, na isicheleweshwe. Uchunguzi wa California uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliochelewa zaidi ya miezi 10 walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kukutwa na saratani, tena iliyoshakomaa.

Na kama mzazi, kaka au dada yako aliugua saratani hii kabla ya miaka 60, mwongozo wa Marekani unataka uanze kupima ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika yeye, kutegemea kipi kinatangulia. Mama aligundulika akiwa na 45? Wewe unaanza 35. Mwambie daktari hilo mapema, hata kama hajakuuliza.