Mama mdogo, F10 na njia za mkato

Najua nimepotea. Mitihani ilinikaba, na ilipoisha tu nikapanda basi hadi Mikumi, nikadandia jingine la njia ya Ifakara, nikashukia nyumbani Kidodi. Chuoni nimerudi juzi. Leo nilitaka niandike kuhusu bumu ambalo halijaingia mpaka sasa, lakini kuna jambo la likizo limekaa kichwani, acha nilitoe kwanza.

Mama mdogo ana steshenari pale Kidodi, karibu na barabara. Kompyuta mbili, printa moja, na mashine ya fotokopi inayokohoa kama mgonjwa. Likizo yote nilikuwa namsaidia. Ulikuwa msimu wa kuvuna miwa, kwa hiyo wakichoma shamba jioni, asubuhi unakuta kibodi imejaa masizi. Unapangusa kwanza ndio unaanza kazi. Vitufe vingi vimefutika herufi lakini yeye haangalii. Anachapa huku anakuuliza habari za chuo.

Siku moja alikuja mzee mmoja mkulima wa miwa na muhtasari wa kikao cha chama chao, kurasa nne za mkono. Mama mdogo akachapa ukurasa na nusu bila kupumzika. Taa ikacheza mara mbili. Akawahi kubonyeza F10, na umeme ukakatika. Uliporudi, hakuna kitu. Mzee wa watu akaketi upya kwenye benchi.

Nikamwambia, "Mama mdogo, kusevu ni Ctrl na S." Akacheka cheko la kuchoka. "Najua, mwanangu. Mimi najua. Kidole ndio hakijui."

Hapo ndipo nilipoijua habari ambayo miaka yote hajawahi kunisimulia. Mwaka 1993 alisoma kompyuta Morogoro mjini, na programu waliyofundishwa ilikuwa WordPerfect 5.1, ile ya skrini ya bluu. Menyu za kubofya ilikuwa nazo, lakini vitufe ndio vilikuwa njia yake kuu. Kila kazi ilikuwa na kitufe chake: F10 kuhifadhi, F6 herufi nzito, F7 kutoka, Shift na F7 kuchapisha. Juu ya vitufe unaweka kipande cha plastiki chenye maelezo ya kila kimoja. Yeye baada ya miezi miwili alikitupa kile kipande, alikuwa hakihitaji. Akapata kazi kwenye ofisi moja, akawa ndiye mpiga chapa wa kutegemewa. Mwaka 1998 ofisi ikaleta kompyuta za Windows. Wapiga chapa wakapewa wiki mbili kuzoea. Kila akibonyeza F10 apate kuhifadhi, programu inaruka kwenye menyu. Akibonyeza F7 atoke, inaanza kukagua tahajia. Bosi akaona huyu mama hawezi kompyuta. Akahamishiwa mapokezi, na walipopunguza watu jina lake likawa la kwanza.

Nimerudi hapa chuoni nikaanza kuchimba: ni nani aliamua F10 iwe menyu?

Tuanzie mbali kidogo. Mwanzoni kila programu ilikuwa ni nchi yenye lugha yake. WordStar, iliyotamba mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikutaka ubonyeze Ctrl na K kisha S ili kuhifadhi. Ctrl na S peke yake ilisogeza kishale kushoto, na Ctrl na X ikakishusha mstari mmoja! Lotus 1-2-3, programu ya mahesabu iliyotoka 1983, ukibonyeza alama ya mkwaju ndio menyu inatokea. Kwa WordPerfect msaada ulikuwa F3. Makampuni hayakuona shida, maana mtu aliyekwisha kuzoesha vidole vyake kwako hahami kirahisi. Mazoea yalikuwa uzio.

Lotus walitaka hata uzio huo ulindwe na sheria. Mwaka 1990 waliwashtaki Borland, ambao programu yao ya Quattro Pro ilimruhusu mtu kutumia mpangilio wa amri za Lotus alioufahamu. Kesi ilikwenda miaka. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa kule Boston ilisema mpangilio wa amri ni namna ya kuendesha programu, na hakimiliki hailindi hiyo. Januari 1996 Mahakama Kuu ya Marekani iligawanyika majaji wanne kwa wanne, uamuzi wa Boston ukabaki. Yaani kura moja tu ingehamia upande wa pili, huenda leo kila mtu angekuwa na Ctrl+C yake.

Yule aliyetufikisha kwenye F10 ni IBM. Mwaka 1987 walitoa mwongozo wa namna programu zote zifanane mbele ya mtumiaji: F1 iwe msaada, F10 iende kwenye menyu, Alt na F4 ifunge dirisha. Windows ikaufuata kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo wazo lilikuwa zuri kabisa, mtu akijifunza programu moja awe amejifunza zote. Ila aliyekwisha kujifunza ile ya zamani hakuulizwa.

Na hizi za kukopi na kupesti zilitoka kwa Apple. Larry Tesler na mwenzake Tim Mott walilifanyia kazi wazo la kukata na kubandika katika maabara ya Xerox kule California katikati ya miaka ya 1970. Tesler akahamia Apple 1980, na kompyuta ya Lisa ya 1983 ikatumia Z, X, C na V. Tazama kibodi yako: zimepangana mstari wa chini kushoto, mkono wa kulia unabaki na mausi. X ni kama alama ya kufuta kitu kwa kalamu. V inafanana na ile alama ya mhariri ya kuchomeka neno. C ndiyo pekee yenye Kiingereza ndani yake. Windows 3.1 ya mwaka 1992 ikazichukua kwa kutumia Ctrl, bila kuua zile za mwanzo, na mpaka leo Shift na Insert inapesti kwenye Windows. Jaribu uone. Tesler alifariki Februari 2020.

Sasa na sisi? Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na Microsoft nao wakaja na Kiswahili cha Office 2003. Menyu zikaongea Kiswahili, lakini Ctrl na S ikabaki S. Wahispania wao walithubutu: Word yao inahifadhi kwa Ctrl na G, herufi nzito ni Ctrl na N. Ila X, C na V hata wao hawakuzigusa.

Kabla sijaondoka Kidodi nilikuwa nimemuuliza mama mdogo, kwa nini tusiwe na H ya Hifadhi? Akachukua fotokopi iliyoharibika, tukaanza kuandika nyuma yake. Hifadhi, H, sawa. Fungua, F. Funga, F. Futa, F. Faili lenyewe F. Tafuta na Tendua zote T. Tukacheka. Kiswahili chetu kinaweka tofauti mkiani: funga na fungua zinaanza njia moja, zinaachana mwishoni, na kitufe hakina mkia. Naona wale wa 2004 hawakukosea kuziacha.

Jioni nikamwambia basi, Word inaruhusu kubadilisha, nitakuwekea F10 ihifadhi kama zamani, dakika mbili tu. Nilikuwa nimeshaanza kufungua mipangilio. Akanishika mkono.

"Acha. Yule binti ninayemfundisha anakaa kwenye mashine hii hii. Akizoea F10 yangu, siku akipata kazi Morogoro atabonyeza nini?"

Akachana kipande cha boksi la karatasi, akaandika kwa makapeni CTRL + S, akakibandika juu ya skrini yake mwenyewe. Nilipoondoka kilikuwa kimeshaanza kushika masizi.