Kimea, Pipa na Sheria

Punje kavu ya nafaka ina wanga, nayo chachu hula sukari tu. Ndiyo maana wazee wetu waliopika pombe ya ulezi na ya mtama walianza kwa kuloweka punje, wakazifunika hadi zikaota, kisha wakazianika na kuzisaga. Unga huo ndio kimea. Ukikorogwa katika maji ya moto yasiyochemka, yapata nyuzi 65, wanga hugeuka sukari. Hata katika kasiksi, iliyo pombe ya ndizi, wengi hutia unga wa mtama.

Wiski hupita njia hiyohiyo, kisha huongezewa hatua moja: kukenekwa, yaani pombe huchemshwa na mvuke wake hupozwa uwe maji tena. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye 100 (huku Butembo, kwa sababu ya mwinuko, maji hayangoji kufika 100), hivyo kileo hutangulia. Kumbukumbu ya kale ya kazi hiyo huko Scotland imo katika hesabu za hazina ya mfalme, mwaka 1494: mtawa aitwaye John Cor alipewa kimea ili atengeneze "maji ya uhai". Zamani hizo yalihesabiwa kuwa dawa.

Lotoko, ambayo wengi katika Kivu huiita kanyanga, hutokana na mahindi na mihogo, kwa pipa na bomba linalopita katika maji baridi. Ufundi ni uleule; kilichotofautiana ni sheria. Kwa miaka mingi Waskoti nao walikeneka kwa kujificha milimani. Mwaka 1823 Bunge la Uingereza likapunguza ushuru na kuweka leseni ya pauni 10, nao wakaanza kujiandikisha. Afrika ilitendewa kinyume. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia pombe kali katika sehemu kubwa ya bara letu, na ule wa Saint-Germain wa 1919, ambao Ubelgiji iliutia sahihi, ukakataza hata kumiliki mitambo ya kukenekea. Wasio wenyeji waliachiwa kiasi chao.

Mkenekaji wetu akabaki mafichoni, bila mkaguzi wala shule. Fundi wa wiski hutenga tone za kwanza na za mwisho, kwa kuwa zina vitu viharibuvyo. Hapa mara nyingi zote huuzwa, wakati mwingine kutoka pipa lililobeba mafuta ya gari. Tangu mauaji yaliyoanza Beni Oktoba 2014, familia nyingi zimeyakimbia mashamba yao. Mama asiye na shamba aweza kununua mahindi sokoni, akakeneka, akalipa karo. Tusimhukumu upesi, wala tusimfiche kijana anayeangamia kwa kinywaji kile.

Kenya iliihalalisha chang'aa mwaka 2010, mradi ipikwe kwa leseni na iuzwe katika chupa. Mwaka 2014 watu zaidi ya 80 walikufa huko kwa pombe iliyotiwa methanoli.